Baba wa watoto amefungwa jela baada ya talaka: je, amri ya kuonana na watoto bado ina nguvu?

Mama Wawili, Morogoro

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo kwa wanaoijua sheria na kwa wanaoyajua magereza kwa ndani, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ananipa jibu la hasira na si la ujuzi.

Mimi na aliyekuwa mume wangu tuliachana kwa talaka ya mahakama ya mwanzo mwaka 2021. Mahakama ilinipa mimi malezi ya watoto wetu wawili, na yeye ikamruhusu kuwachukua Jumamosi mbili za kila mwezi pamoja na nusu ya kila likizo ya shule. Sitamsingizia: aliitimiza amri hiyo bila kukosa, hata zile Jumamosi ambazo mimi na yeye hatukuwa tunasalimiana. Mwaka jana alitiwa hatiani kwa wizi kazini kwake, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na baada ya miezi michache akahamishiwa gereza lililoko mkoani Dodoma.

Watoto niliwaambia kwamba baba amekwenda Mtwara kikazi. Wa kike ana miaka mitano, akaridhika. Wa kiume ana miaka tisa na yuko darasa la tatu; yeye aliupata ukweli kwenye foleni ya uji shuleni, mwenzake alipomwambia mbele ya wote kwamba baba yake hayuko Mtwara bali yuko ndani. Alirudi nyumbani asiseme neno. Nilikuja kujua kwa daftari lake la hesabu. Mwalimu wao hutaka mzazi asaini chini ya kila zoezi lililosahihishwa, na kazi hiyo ilikuwa ya baba yake kila wanapokutana. Sasa kuna kurasa kumi na moja ambazo nafasi ya sahihi iko wazi, na nikichukua kalamu nisaini, mtoto anafunika ukurasa kwa kiganja.

Bibi yao mzaa baba anakuja karibu kila Ijumaa jioni. Anasema zile Jumamosi mahakama ilimpa mwanawe, na kwa kuwa mwanawe hayupo ni zake yeye, hivyo anataka kuwapeleka wote wawili Dodoma kwa treni ya SGR wakamwone baba yao. Nimemkatalia mara tatu, mara ya mwisho tukiwa tumesimama mlangoni huku majirani wakisikiliza, naye akaondoka akisema tutakutana mahakamani. Naogopa mambo mawili. Kwanza, huenda mimi ndiye ninayevunja amri ya mahakama bila kujua. Pili, sijui mtoto wa miaka mitano atabaki na picha gani kichwani akimwona baba yake nyuma ya wavu. Kuna na la tatu, nalo si hofu bali ni uchungu: tangu aingie gerezani sijapokea hata shilingi ya matunzo, na ninajiuliza kwa nini nigharimie safari ya kumfurahisha.

Wakili, Kanda ya Kati

Dada, pole kwa mzigo huo. Nianze na hofu yako ya kwanza. Amri ya mahakama haifi kwa sababu mzazi mmoja amefungwa. Katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakuna kifungu kinachosema kwamba mzazi akitiwa hatiani basi hapo hapo anapoteza haki ya kuonana na wanawe. Amri yenu ingali hai, ila haitekelezeki kama ilivyoandikwa, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya baba anayeweza kufika mlangoni kwako Jumamosi asubuhi. Kwa maelezo uliyoyatoa, amri hiyo ilimruhusu yeye kuwachukua watoto. Haikukuagiza wewe kuwapeleka mahali popote, kwa hiyo sioni kwamba umeivunja. Hata hivyo isome nakala yako ya hukumu neno kwa neno, kwa sababu nimewahi kukutana na amri zenye maneno mapana kuliko mteja alivyoyakumbuka.

Bibi hakurithi Jumamosi za mwanawe. Amri ilitolewa baina yenu wawili. Lakini usidhani kwamba hana mlango wa kuingilia, maana kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kuagiza mtoto amtembelee mzazi asiyekaa naye, au ndugu wa familia ya mzazi huyo, kwa nyakati zinazofaa, na kifungu cha 38 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu ndugu ambaye amekuwa akimtunza mtoto kuomba kuonana naye mara kwa mara. Akienda mahakamani atasikilizwa. Ni afadhali utangulie wewe.

Sasa naomba uniruhusu niseme jambo ambalo wateja wangu wengi hawalipendi wanapolisikia mara ya kwanza. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinasema kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi mwingine kila anapotaka, isipokuwa kama mpango huo unavuruga masomo yake. Angalia mwenye haki ni nani katika sentensi hiyo. Si baba, si bibi, wala si wewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo hivyo katika ibara ya 9: mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kudumisha uhusiano naye na kukutana naye ana kwa ana mara kwa mara, ila pale ambapo kufanya hivyo kunadhuru ustawi wake. Ibara hiyo inaendelea kutaja kifungo kwa jina lake na kuitaka serikali, ikiombwa, iieleze familia mahali alipo mzazi aliyefungwa. Kama serikali yenyewe inatakiwa kumwambia mtoto baba yake yuko wapi, basi habari ya Mtwara haina budi kufikia mwisho, nawe ndiye unayepaswa kuimaliza kabla watoto wa shule hawajaimaliza kwa binti yako pia.

Njia iliyo wazi kwako ni kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa, kinachoruhusu mahakama kubadilisha amri ya malezi au ya matunzo wakati wowote kukiwa na mabadiliko makubwa ya hali, kwa maombi ya mtu yeyote mwenye maslahi. Baba kufungwa miaka mitano ni mabadiliko makubwa. Rudi katika mahakama iliyotoa amri, omba Jumamosi zile zisimamishwe kwa kipindi cha kifungo, na badala yake uombe mpango unaowezekana: barua, na ziara moja kila likizo kwa mfano, ikielezwa nani atamsindikiza nani na nani atalipa nauli. Omba pia afisa ustawi wa jamii azungumze na watoto na kuiandikia mahakama taarifa, kwa sababu kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama itazame umri wa mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru, ndugu kutotenganishwa, na malezi yake kutokatizwa. Kijana wa miaka tisa ataulizwa, na jibu lake litakuwa na uzito. Wa miaka mitano hatabebeshwa uamuzi huo. Baba naye lazima apewe nakala ya maombi kupitia kwa Mkuu wa Gereza na apate nafasi ya kujibu. Akikosa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haiwaachi nje watu walioko kizuizini.

Kuhusu matunzo, nakuelewa, lakini usiyafunge pamoja na ziara. Wajibu wa baba kutunza watoto uko palepale katika kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa, na asipokuwa na kipato mahakama inaweza kupitia upya kiwango. Kuonana na mtoto hakununuliwi kwa matunzo.

Dada wa Iringa

Nimesoma maelezo ya wakili kwa heshima, lakini nasikia kama kila mtoto anapaswa kupelekwa gerezani. Aliyekuwa mume wangu alifungwa kwa kunijeruhi mimi kwa panga, na binti yetu alikuwa amesimama mlangoni akiona. Ndugu zake walinisumbua miezi minane wakisema damu ni damu. Binti huyo hadi leo mtu akigonga mlango kwa nguvu anajificha nyuma ya kabati. Ningekuwa mama wa namna gani kumketisha mbele ya mtu yule?

Wakili, Kanda ya Kati

Dada wa Iringa, ungekuwa mama uliyekataa kwa haki, na ninashukuru umeandika. Haki ya mtoto kuonana na mzazi inaishia pale inapoanza kumdhuru mtoto. Hilo limeandikwa ndani ya mkataba huohuo na ndani ya Sheria yetu ya Mtoto, ambayo katika kifungu cha 4 imeweka maslahi bora ya mtoto juu ya mengine yote. Mtoto aliyeona baba yake akimkata mama yake hapelekwi kwa sababu ndugu wamepiga kelele. Kwa shauri kama lako ningeomba mahakama izuie ziara kabisa, na hata barua zipitie kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, na ningeomba hivyo kwa maandishi ili siku ndugu watakapokuja tena uwe na karatasi ya kuwaonyesha.

Kwa Mama Wawili hali ni nyingine. Kosa la mzazi mwenzake ni la mali, hakumgusa mtoto wala mama, na hadi siku ya kukamatwa alikuwa baba anayesaini daftari la hesabu. Mahakama itauliza swali hilo kabla ya lolote: alitenda nini, na alimtendea nani.

Afande Mstaafu

Mwanangu Mama Wawili, nimelitumikia Jeshi la Magereza miaka thelathini na moja, na mingi kati ya hiyo nilikaa katika magereza ya mikoani. Sheria ameimaliza wakili msomi. Mimi nitakueleza utakachokikuta langoni, maana hofu ya mtoto mara nyingi hutokana na yale ambayo hakuambiwa.

Usifunge safari kabla hujajua siku. Kila gereza lina siku na saa zake za wageni, na mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa hapati wageni mara nyingi kama mahabusu. Nimewaona akina mama wametoka mbali na mtoto mgongoni, wakafika siku isiyo ya wageni, wakakaa chini ya mti hadi jioni ndipo wakaanza kutafuta pa kulala. Mwandikie Mkuu wa Gereza barua fupi, umtaje mfungwa kwa majina yake matatu, useme una watoto wa umri gani na unaomba kuwaleta likizo. Eleza waziwazi kwamba ni watoto. Katika ngazi yangu niliwahi kuziona barua za namna hiyo zikifanya kazi ambayo kelele langoni haikuweza kuifanya, kwa sababu Mkuu wa Gereza akijua mapema anaweza kuelekeza wakae kwenye benchi mbele ya askari badala ya kuzungumza kupitia wavu. Si kila gereza lina nafasi hiyo na si kila siku inawezekana, lakini kuomba si kosa.

Mwambie mtoto kabla ya safari kwamba baba atakuwa amevaa nguo za rangi ya machungwa na nywele zake zimenyolewa. Nakuomba usilidharau hili. Nilimwona mtoto wa miaka sita hivi akiwa amesimama mbele ya baba yake, anamtafuta baba yake. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega la yule mfungwa, akingoja atoke mtu mwingine mwenye nywele. Baba akaanza kulia, mtoto akaogopa kilio, na muda wa wageni ukaisha hivyo hivyo. Kama mama angesema neno moja tu ndani ya basi, dakika zile zingekuwa za kuzungumza.

Utakaguliwa langoni, na simu utaiacha. Watoto nao watapapaswa kwa juu, tena kwa mkono mwepesi. Upekuzi wa ndani ya mwili kwa mtoto hauruhusiwi hata kidogo, na Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa zimelitaja hilo waziwazi. Akikutaka hivyo askari yeyote, omba kuonana na mkubwa wake wa zamu.

Jambo lingine ambalo familia hulisahau. Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miaka mitano huwa miaka mitatu na miezi minne, na hapo sijahesabu msamaha wa Rais ambao hutangazwa mara nyingi katika sikukuu za taifa. Binti yako atakuwa na miaka saba au minane baba akirudi, na kijana atakuwa anakaribia kumi na mbili. Hesabu kwa hiyo miaka, uone ni mtu gani atakayebisha hodi kwenu.

Baba mwenyewe ana wajibu pia. Anaweza kuomba kwa Mkuu wa Gereza ahamishiwe gereza lililo karibu na watoto wake, na kanuni hizo nilizozitaja zinataka wafungwa wawekwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana. Na aandike barua. Zitasomwa na askari kabla hazijatoka, hivyo asiandike mengine, amwandikie mtoto.

Mlelewa na Baba, Mwanza

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hili limenigusa mahali pake. Wazazi wangu walitalikiana nikiwa na miaka saba, na mwaka uliofuata mama alifungwa. Baba alinilea vizuri na sina lawama ya chakula wala ya ada. Ila aliamua, kwa nia njema ninavyoamini, kwamba nisimwone mama hadi atoke. Gereza lilikuwa umbali wa dakika arobaini kwa daladala.

Miaka sita baadaye mama alikuja nyumbani kwa shangazi, nami nikaitwa sebuleni. Nilimwamkia "shikamoo" na kumpa mkono kama ninavyompa mgeni yeyote, kisha nikasimama kando nikingoja kuruhusiwa kuondoka. Alikuwa amenishonea shati gerezani, alikojifunza cherehani. Lilikuwa shati la mtoto wa miaka minane, kwa sababu vipimo alivyokuwa navyo kichwani ni vya siku aliyoondoka. Halikupita hata mabegani. Ninalo hadi leo.

Sisemi hivi ili kukulaumu, Mama Wawili. Nasema kwa sababu katika miaka hiyo sita hakuna mtu aliyeniuliza kama nataka kwenda, na nilikuwa nimeshajifunza kutouliza.

Mama Wawili, Morogoro

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kufanya jambo moja. Jana baada ya chakula cha jioni nilimketisha kijana wangu, nikamwambia kwamba nilimdanganya kuhusu Mtwara, kwamba baba yake alichukua mali isiyo yake, na kwamba yuko Dodoma na ni mzima. Aliniuliza kama baba anakula. Kisha akauliza kama huko wanaruhusu kuja na daftari.

Jumatatu nitakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yetu, halafu mahakamani na nakala yangu ya hukumu, ambayo nimeisoma na kukuta kweli imeandikwa "baba atawachukua watoto". Nitaomba ziara ya likizo kwa kijana peke yake kwanza, na kwa mdogo wake barua na picha hadi afisa atakapomwona. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu suala la ndugu kutotenganishwa, ila nadhani safari ya siku moja si kuwatenganisha. Wakili atanisahihisha nikikosea. Bibi yao nimempigia simu. Hatukuelewana kwa kila kitu, lakini amekubali kuwa msindikizaji kama mahakama itaandika hivyo, nami nimekubali kulipa nauli ya mtoto. Nauli ya bibi amesema atajilipia.

Afande, nakuuliza wewe: hilo daftari litapita?

Wakili, Kanda ya Kati

Hujakosea, dada. Kutotenganisha ndugu kunahusu mahali wanapoishi na wanapolelewa. Andika sababu ya kumwacha mdogo ndani ya maombi yako, ili hakimu aisome kwako kabla hajaisikia kwa upande wa pili.

Afande Mstaafu

Daftari litakaguliwa ukurasa kwa ukurasa kama kitu kingine chochote, kwa hiyo asiweke karatasi zilizolegea ndani yake, na amkabidhi askari wa mapokezi yeye mwenyewe, asifichiwe ndani ya mfuko wa bibi. Kalamu aiache nyumbani. Aombe ya askari wa zamu.